Zimamoto anaumwa na nini wakati moto ushazimika?

Juzi barazani, kahawa ishamiminwa na kashata zishafika, jamaa akaleta habari kwamba kuna askari wa zimamoto mtaani kwao katolewa kwenye gari kapelekwa ofisini kwa sababu ya presha. Watu wakacheka. "Presha ya nini na kazi yenyewe kulala kungojea simu?" Mwengine akasema vijana wa siku hizi laini, zamani watu walizima moto kwa ndoo na mchanga na hakuna aliyesikia hizo stresi. Maneno haya si ya baraza moja, ukitokea moto Darajani au hoteli ya makuti ikaungua huko Paje we ingia tu mitandaoni utayakuta yale yale, ndo mana nikasema ngoja nilieleze hili suala taratibu, limechanganywa mno.

Kwanza tujue tunamzungumza nani. Kwetu Zanzibar ni Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, moja ya vikosi vya Idara Maalum za SMZ, yani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, wapo pamoja na KMKM, JKU, Valantia na Mafunzo. Wengi wetu tunakijua zaidi kwa timu ya mpira, ile Zimamoto iliyochukua ubingwa wa ligi kuu ya Zanzibar mwaka 2016, na pengine hapo ndo panapotoka hii dhana kwamba wale ni watu wa mazoezi tu hawaumwi. Lakini kazi yao ni moto, gari zilizogongana watu wakabanwa ndani, mtoto kaanguka kisimani, mtu kazama, jengo limeporomoka. Beit el Ajaib ilipoanguka upande tarehe 25 Disemba 2020, kuna watu walioingia kwenye kifusi kile na jengo lililobaki limewaning'inia juu ya vichwa vyao.

Sasa, ukimwambia mtu "afya ya zimamoto" anafikiria kuungua. Kuungua kupo, sikatai. Ila yanayowamaliza watu hawa zaidi hayaonekani siku ya moto: kuna moyo, kuna sumu za moshi, na kuna yale aliyoyaona akarudi nayo nyumbani. Kila moja lina dawa yake na hapo ndo tunapokosea, tunadhani ukishamkimbiza mtu asubuhi uwanjani basi yote matatu yashatibika.

Tuanze na moyo kwa sababu ndo mwepesi kufahamika. Askari kalala saa nane za usiku, kengele inalia, ndani ya dakika moja yumo kwenye gari na mapigo ya moyo yashapanda kabla hata hajauona moto. Akifika anavaa nguo nzito za kuingilia motoni, helmeti, mabuti, na mtungi wa hewa mgongoni, jumla kilo 20 na zaidi, halafu apande ngazi, avute mpira wa maji uliojaa, pengine atoke na mtu begani. Moyo unatakiwa utoke kwenye usingizi uende kwenye kazi ngumu kuliko zote bila ya mwili kupata nafasi ya kujiandaa katikati. Mwenye mishipa iliyoanza kuziba, au presha ambayo haijui kama anayo, hapo ndo anapoangukia.

Marekani wanaweka kumbukumbu za vifo vya zimamoto wao kwa miaka mingi, na utafiti uliotoka 2007 ulikuta kwamba karibu asilimia 45 ya wanaofia kazini wanakufa kwa moyo. Halafu kikubwa zaidi ni hichi: kuzima moto wenyewe kunachukua kati ya asilimia 1 na 5 tu ya muda wao wa kazi kwa mwaka, lakini karibu theluthi moja ya vifo hivo vya moyo vilitokea kwenye kipindi hicho kidogo. Kwa hivo yule anayesema "wanalala tu" hajakosea sana kwenye masaa, amekosea kwenye maana ya hayo masaa. Mwili ulokaa kitako kutwa ukaamshwa ghafla ndo unaopata tabu, si ule unaofanya kazi ya wastani kutwa nzima.

Ongeza na joto letu. Zile nguo zimetengenezwa kuzuia joto la nje lisiingie, sawa, lakini kwa hesabu hiyo hiyo joto la mwili nalo halitoki. Jasho linatiririka ndani halikauki, na jasho lisilokauka halimpozi mtu. Anaweza kupoteza lita moja mpaka mbili kwa saa. Damu inapungua maji, inakuwa nzito, moyo unazidi kusukuma. Hii ni hata Ulaya kwenye baridi, sasa piga picha mwezi wa pili wakati wa kaskazi, unyevu umejaa hewani, mie na fulana tu nimekaa kibarazani nahema.

Ndo mana ukimuona askari kavua helmeti kakaa pembeni kumbe moto bado unawaka, usiseme kachoka mapema. Wenzetu wana utaratibu kabisa kwamba mtu akishamaliza mitungi miwili ya nusu saa anatolewa apumzike si chini ya dakika 20, apimwe, anywe maji, hata kama mwenyewe anasema yuko fiti. Na kuna njia moja rahisi ambayo haihitaji bajeti ya wizara: ndoo za maji ya baridi, mtu anatia mikono mpaka kwenye viwiko kwa dakika kumi au kumi na tano. Mikono ina mishipa mingi karibu na ngozi, damu inapoa pale kisha inarudi kuupoza mwili. Ndoo tu jamani.

Hapo hapo nisahihishe kitu, ule mtungi mgongoni si wa oksijeni, ni hewa hii hii tunayovuta iliyoshindiliwa. Oksijeni tupu karibu na moto ingekuwa balaa jengine. Na ile nusu saa ni ya kwenye karatasi, mtu anayehema kwa kazi nzito anaumaliza mapema kuliko hapo.

Kuhusu mazoezi. Sisi Wazanzibari mazoezi tunayapenda, kila tarehe 1 Januari tuna siku yetu ya kitaifa ya mazoezi, vikundi vinatoka kila kona, mashallah. Lakini kuna watu wanadhani kuwa fiti ni kifua kipana na mikono ya kunyanyulia vyuma. Zimamoto anahitaji pumzi kwanza, kisha nguvu za miguu na mgongo, mana majeraha mengi ya kawaida ya kazi hii ni mgongo na magoti kwa kunyanyua vibaya na kuteleza. Mpira wa jioni unasaidia, ila mpira hauwezi kukwambia presha yako ngapi. Upimaji wa kila mwaka ndo unaokwambia: presha, sukari, mafuta ya damu, kipimo cha umeme wa moyo, na kile cha kupuliza kuangalia mapafu. Na hapa mie nitasema wazi, mtu akikutwa na presha akapumzishwa gari hajadhalilishwa, ametolewa sehemu ambayo moyo wake ungesimama, akitibiwa ikatulia daktari ataamua kama anarudi. Yule askari tuliyehadithiwa barazani badala ya kuchekwa alitakiwa apewe hongera kwa kupimwa.

Linaloulizwa sana kila mwaka ni Ramadhani. Askari kafunga, alasiri moto unatokea, afanyeje? Kifiziolojia jibu nishalisema juu, mtu aliyekosa maji tokea alfajiri akaingia kwenye joto lile anaingia na deni. Kisheria mie si shekhe, ila fiqhi yetu ya Kishafi ina mfano wa zamani kabisa wa mtu aliyefunga akamuona mwenzake anazama, na hawezi kumuokoa mpaka afungue, basi anafungua anaokoa, kisha kuna hukumu za kulipa ambazo aulizwe mwenye ilimu. Kwa hivo si jambo jipya wala si udhaifu wa imani. Kinachobaki ni wakubwa wa zamu walipange mapema: nani mbele nani nyuma, futari na daku zisiwe chipsi na soda peke yake, na kati ya magharibi na alfajiri watu wanywe maji ya kutosha.

Haya, moshi. Hapa ndo namjibu yule wa ndoo na mchanga. Ni kweli zamani watu walizima na maisha yakaendelea, lakini nyumba ya zamani ndani ilikuwa na nini? Boriti za mikoko, makuti, ukili, pamba, mbao. Nenda chumba cha leo hata kijijini Micheweni: godoro la sponji, sofa, kapeti la nailoni, TV, nyaya, makabati ya vumbi la mbao na gundi, mabetri. Vitu hivi vikiungua vinatoa gesi ambazo mkaa na kuni hazitoi kwa kiasi hicho. Sponji ikiungua inatoa sayanaidi, ile sumu kali ya kuua. Na moto wowote unaokosa hewa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo harufu wala rangi, inayojishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, yani damu inazunguka lakini imebeba mgeni na mwenyewe kaachwa nje.

Na hapa ndo maziwa yanapoingia. Kila moto ukizimika lazima atokee mtu na pakiti ya maziwa, "wape wanywe wasafishe kifua". Nia nzuri sana, Mungu amlipe, lakini maziwa yanakwenda tumboni na moshi umo mapafuni na kwenye damu, njia mbili tofauti. Wape maji. Mwenye kichwa kinachouma, kichefuchefu, kizunguzungu, atolewe kwenye hewa safi na apelekwe hospitali apewe oksijeni, hiyo ndo inayoisukuma ile gesi itoke kwenye damu.

Hizo ni sumu za siku ile ile. Za miaka ndo mbaya zaidi. Mwaka 2022 lile shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza, yani vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binaadamu. Kabla ya hapo ilikuwa kwenye kundi la "huenda". Watu waliposikia wakapaniki, wengine wakasema basi kila zimamoto atapata kansa. Sivyo. Kundi la kwanza maana yake ushahidi umekuwa na nguvu, haisemi hatari ni kubwa kiasi gani kwa mtu mmoja mmoja. Saratani ambazo ushahidi wake umetimia ni mbili, ya kibofu cha mkojo na ile ya ngozi nyembamba inayozunguka mapafu, inayohusishwa sana na vumbi la asbesto kwenye majengo ya zamani.

Kibofu mnaweza kushangaa, moshi na mkojo wapi na wapi. Sumu zikishaingia mwilini figo zinazichuja, halafu zinakaa kwenye mkojo ndani ya kibofu mpaka mtu aende haja. Sasa hapa kwetu kuna jambo linanitia wasiwasi kuliko kwengine. Unguja na Pemba tumekua na kichocho, mtoto akikojoa damu tunasema kichocho hicho kitapita, na tumezoea hivo mpaka ukubwani. Askari wa miaka 45 akiona damu kwenye mkojo atajiambia ni kile kichocho cha skuli cha kuoga mtoni. Kumbe kichocho chenyewe cha muda mrefu nacho kinaweza kuleta saratani ya kibofu, kwa hivo huyu ana sababu mbili za kwenda kupimwa, si sababu ya kukaa. Damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata kama haiumi, hospitali.

Sumu hizi hazipiti puani tu, zinapita kwenye ngozi, khasa shingoni na usoni, na ngozi ikiwa ya moto na ina jasho ndo inazidi kunyonya. Na zinabaki kwenye nguo. Kanzu ukiifukiza udi Ijumaa mpaka Jumapili bado inanukia, na kila aliyekaa karibu yako anaisikia, nguo ya moto ni hivo hivo isipokuwa kinachobaki si udi. Wapo watu duniani kote wanaoona sifa nguo yao iwe nyeusi kwa masizi, ati ndo alama ya mkongwe wa kazi. Masizi ni sumu ilokauka. Nguo ipigwe brashi na sabuni na maji pale pale kabla ya kupanda gari, mtu ajifute uso na shingo, akoge akifika kituoni, na nguo ile isipelekwe nyumbani kwa mke ikachanganywa na za watoto kwenye beseni moja. Kwa askari wanawake wenye mimba au wanaonyonyesha hili ni zito zaidi, na linatakiwa lizungumzwe mapema bila ya haya, asingojee mtu mpaka tumbo lionekane.

Kosa kubwa la maski linatokea baada ya moto kuzimika. Miali haipo, kila mtu anavua, wanaanza kufukua majivu na kupindua magodoro kutafuta makaa yaliyofichika. Hapo vitu vinafuka polepole, gesi bado zimejaa, na mtu hana kitu usoni. Ukiona askari kavaa maski na moto ushazimika usimcheke, huyo kasoma.

Tuje kwenye akili, na nitakaa hapa kwa sababu ndo tunapopaogopa. Afya ya akili si wazimu. Ni namna mtu anavolala, anavokula, anavozungumza na watu wake, anavokumbuka bila ya kuzama kwenye kumbukumbu. Zimamoto anaona vitu ambavyo sie tunasikia redioni tu. Na kisiwa hiki kidogo. Katika miji mikubwa ya nje mwokozi anamtoa mtu asiyemjua, hatomuona tena. Hapa anayemtoa ni mtoto wa mwalimu wake, shemeji wa jirani, mtu aliyesali naye safu moja adhuhuri. Kesho yake anakwenda maziko ya yule yule aliyemkosa, anapeana mikono na wafiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ilipozama MV Spice Islander, na tena tarehe 18 Julai 2012 ilipozama MV Skagit karibu na Chumbe, waliokwenda baharini, vikosi na wavuvi wa kawaida tu, wengi wao walikuwa wanatafuta watu wanaowajua. Tukawaombea waliokufa, tukawapa pole wafiwa, na waliotoa maiti majini sijui ni wangapi tuliowauliza walilalaje.

Baada ya tukio zito, kukosa usingizi siku chache, kushtuka ukisikia mlango, kuiona ile picha ukifumba macho, hamu ya chakula kukatika, hayo ni ya kawaida, mwili unafanya kazi yake, na kwa wengi yanaondoka wenyewe wiki chache. Yakivuka mwezi hayapungui, au mtu kaanza kukwepa ile njia, anapiga watoto ambao hakuwa anawapiga, anajitibu na vidonge vya usingizi vya duka la dawa, hapo ndo panahitaji mtaalamu. Na akisema hataki tena kuishi msingojee mwezi wala siku, mchukueni hospitali muda ule ule, asiachwe peke yake.

Kuna dhana mbili zinapingana na zote zina kasoro. Ya kwanza ni "mwanamme hasemi", nayo hii tunaijua. Ya pili ni mpya kidogo, imekuja na semina: kwamba usiku ule ule wa tukio watu wakalishwe duara, kila mmoja alazimishwe kusimulia alichokiona ili "akitoe". Tafiti zimeonesha kikao cha namna hiyo cha mara moja, cha lazima, hakizuii matatizo ya baadae na wengine kinawazidishia. Kinachoshauriwa ni kitu chepesi zaidi, WHO ilitoa muongozo wake 2011, huduma ya kwanza ya kisaikolojia: muangalie mwenzako yuko vipi, hakikisha kapata maji, chakula, kapiga simu nyumbani, msikilize akitaka kusema na ukae naye asipotaka, na mjue pa kumpeleka likizidi. Mkubwa wa zamu anayejua kusema "we leo nenda nyumbani, kesho n'takupigia" kafanya zaidi ya bango la ukutani.

Na wale wanaobaki na tatizo ipo tiba ya mazungumzo inayolishughulikia lile tukio lenyewe, inafanya kazi, si kupoteza wakati. Tatizo letu ni jina Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili. Tumeligeuza tusi, mtu akichelewa kujibu unamwambia "we wa Kidongo Chekundu nini", halafu tunashangaa askari anaona bora afe na lake kuliko aonekane geti lile. Ndo mana huduma ya hawa watu ikiwa ndani ya kikosi au hospitali ya kawaida, na siri ikawa siri kweli, watakwenda. Askari akijua faili lake litasomwa na anayempandisha cheo hatosema neno.

Wengine watasema kachezewa na mashetani, asomewe. Asomewe, Qur-an ni shifaa na kukaa na watu wanaokuombea dua kunatuliza. Lakini asomewe na aende kliniki, hakuna aya iliyokataza mawili hayo, na mganga yeyote anayemwambia aache dawa za daktari huyo ndo wa kukimbiwa.

La mwisho linatuhusu sisi tunaosimama kutizama. Moja ya vitu vinavowaumiza hawa watu ni matusi. "Mmekuja na gari haina maji!" Fanya hesabu. Gari ikiwa na lita 4,000, ukifungua mipira miwili na kila mmoja unatoa lita 400 kwa dakika, dakika tano tangi tupu. Gari ilikuja na maji, yamekwisha mbele ya macho yako, na ndo mana kunahitajika gari ya pili inayokwenda na kurudi au sehemu ya kuvutia maji karibu. Na Mji Mkongwe gari yenyewe haipiti, vichochoro vile vimejengwa kwa punda na watu, kwa hivo mpira unavutwa kwa miguu kutoka barabara kubwa, na kila vespa iliyoegeshwa vibaya ni dakika nyengine. Mtu katoka kuvuta mpira ule kwenye joto lile anarushiwa jiwe au anarikodiwa usoni kwa simu, kisha tunauliza presha imetoka wapi. Mkisikia honi nyuma yenu sogezeni vespa, mwenye kisima cha umeme karibu amwambie mkubwa wao kilipo, na simu mziweke mfukoni.